Mhasibu aalikwa Rotary na Lions: aingie wapi, na aulize nini kwanza?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mhasibu, nina miaka 33. Mwenzangu kazini ananialika kwenye klabu yake ya Rotary, na jirani yangu naye kila tukikutana ananivutia Lions. Mama anasema nisithubutu, huko ni kwa freemason. Mume wangu anacheka tu, anasema ni matajiri wanaopiga picha na hundi kubwa ya karatasi. Mimi nataka kujua: kuna kazi inayofanyika kweli? Nitatoa fedha kiasi gani na muda kiasi gani? Itanifaa kikazi? Na siku ya kwanza nivae nini?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nina miaka 19 kwenye klabu hizi za watu wa kazi mbalimbali wanaojitolea kuhudumia jamii, ukatibu nimeushika mara mbili, na kamati ya uanachama nimeiongoza mpaka nikaomba kupumzishwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo yapime maneno yangu ukijua nimekaa upande gani. Hata hivyo nitaanza na mtu aliyekataa kuingia.

Mwaka 1906, mjini Chicago, wakili mmoja wa hataza (haki za wavumbuzi), Donald Carter, alialikwa kwenye klabu changa ambayo haikuwa hata na miaka miwili. Ilianza tarehe 23 Februari 1905, pale wakili Paul Harris alipokaa na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshonaji wa nguo. Wakawa wanakutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na jina la Rotary likatokana na huko kuzunguka. Kila kazi iliingiza mtu mmoja tu, wasije wakagombea wateja, na kila mmoja alitarajiwa kumpelekea mwenzake biashara. Walikuwa hata na mtu wa kuandika nani kampa nani kazi. Carter akauliza klabu hiyo ina faida gani kwa mtu asiye mwanachama. Faida haikuwepo, naye akakataa. Jambo ninalolipenda katika kisa hiki ni kwamba hawakununa. Walimwita arudi awasaidie kuongeza kwenye katiba lengo la kuufaa mji wao, na baada ya hapo mradi wao mkubwa wa kwanza ukawa kuhangaikia choo cha umma katikati ya jiji. Mpaka leo nikiona klabu inapanga kujenga mnara wenye nembo yake, hukikumbuka choo kile.

Kwa hiyo swali lako la kwanza ni la Carter lile lile. Ingia nalo mlangoni, liulize kwa sauti, halafu tazama nyuso. Klabu inayokasirika kwa swali hilo imeshakujibu.

La mama tulimalize mapema, maana usipolimaliza hutapata usingizi. Freemason ni chama kingine kabisa, chenye majengo yake, daraja zake na taratibu zake za ndani. Rotary na Lions hazina kiapo cha siri, hazina ibada, na katiba zao zimechapishwa wazi, anayetaka anasoma. Mgeni anakaribishwa mkutanoni na anakaa mwanzo hadi mwisho. Lakini usimcheke mama, kwa sababu hofu yake ina wenzake wakubwa: mwaka 1951 Vatican iliwakataza mapadre kuwa wanachama wa Rotary. Upepo ukaja kubadilika, hadi Jorge Mario Bergoglio, akiwa askofu mkuu wa Buenos Aires na kabla hajawa Papa Francis, akawa mwanachama wa heshima wa klabu ya Rotary ya jiji lake.

Nadhani kinachowatisha watu ni vikorombwezo. Mkutano unafunguliwa kwa kengele na kufungwa kwa kengele. Kila mtu ana beji kolani. Kuna ofisa wa nidhamu anayekutoza faini kwa kuchelewa, kwa kusahau beji, au kwa kuonekana gazetini. Asiyejua anaweza kudhani ameingia kwenye jambo la siri. Ni utani wa watu wazima tu, na faini zenyewe zinaingia kwenye kapu la klabu. Mchukue mama siku moja mwende naye. Atakuta watu wenye mvi wakibishana dakika ishirini kuhusu kukodi viti vya plastiki, na hofu itageuka miayo.

Mume wako nusu ya maneno yake ni kweli, na ile nusu ya kweli nimeishi nayo. Klabu yangu ya kwanza, ambayo siitaji, ilichimba kisima kirefu kwenye kijiji kimoja. Tukafunga pampu ya mkono, tukamwaga zege, tukakata utepe, tukapigwa picha. Miezi minane baadaye nikapita njia ile kwa shughuli zangu. Mkono wa pampu ulikuwa umefungwa kamba ya katani usichezewe na watoto, mbuzi wawili wamelala juu ya zege letu, na kibao cha marumaru chenye majina yetu kinang'aa vizuri sana. Akina mama walikuwa wamerudi mtoni. Nilipouliza kimeharibika nini, kijana mmoja akanionyesha mpira mdogo wa ndani ya silinda, umelika upande mmoja, unaenea kwenye kiganja. Kifaa chenyewe hakikuwa na bei ya kutisha. Hakuna aliyejua kinauzwa wapi, na hakuna aliyejua fedha za kukinunua ziko kwa nani.

Nikayapeleka hayo mkutanoni. Wakaanza kulaumiwa wanakijiji, kisha fundi, kisha kampuni ya pampu. Nyuma kabisa alikuwa amekaa mwanachama mgeni wa miezi miwili, mhasibu kama wewe. Akanyoosha mkono akauliza: "Bajeti ya mwaka wa pili iko wapi?" Tukatazamana. Hatukuwa na mwaka wa pili, tulikuwa na siku ya uzinduzi. Basi akageuza karatasi ya ajenda na nyuma yake akachora jedwali: tarehe, jina la kaya, kilichoingia, kilichotoka, salio, sahihi mbili. Jumamosi tatu mfululizo alikwenda kukaa na kamati ya maji ya pale, wanawake watano na mzee mmoja, akawafundisha kutunza daftari kwa mchango mdogo wa kila kaya. Pampu ilipoharibika tena, walinunua mpira wenyewe na maji yakarudi siku ya tatu. Sisi tulipata habari baada ya wiki, kwa kupita tu.

Hapo ndipo nilipozielewa klabu hizi kwa mara ya kwanza, na nilikuwa ndani tayari mwaka wa nne. Wazo la kukusanya watu wa kazi mbalimbali kwenye meza moja lilianza kama njia ya kulinda biashara zao, lakini thamani yake ilikuja kuonekana kwingine. Mradi mdogo tu unahitaji mtu wa hesabu, wa sheria, wa afya, wa ujenzi, na mtu anayejua kuongea na watu. Hao wote ukiwaajiri huwawezi, ila klabu nzuri inao wamekaa pamoja, bure, mara mbili kwa mwezi. Kwa hiyo usiende ukiwaza mkoba wako. Fedha hupatikana hata kwa wasiokuwepo. Jedwali lile la nyuma ya ajenda lisingechorwa na mtu mwingine pale ndani.

Sasa, Rotary au Lions? Majina haya ni makubwa, kila moja lina wanachama zaidi ya milioni moja duniani, na yote mawili yalizaliwa Chicago. Lions ilianzishwa mwaka 1917 na Melvin Jones, wakala wa bima ambaye naye alichoshwa na kikundi cha wafanyabiashara waliokuwa wakila chakula cha mchana na kuzungumzia biashara zao tu. Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, alisimama mbele ya mkutano wao mkuu Marekani akawaomba wawe watetezi wa wasioona. Tangu hapo ukisikia Lions, kumbuka macho: upasuaji wa mtoto wa jicho, miwani, na tangu 1990 mpango wao wa kupambana na upofu, yakiwemo magonjwa ya usubi na vikope. Rotary nayo imeshikamana na polio. Ilianza kampeni yake mwaka 1985, na mwaka 1988 ikaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine, wakati ugonjwa ule ulikuwa ukikadiriwa kupoozesha watu 350,000 kwa mwaka katika nchi 125. Leo nchi ambazo kirusi cha asili hakijawahi kukatika ni mbili, Afghanistan na Pakistan. Kuna na wengine: Kiwanis, iliyoanza Detroit mwaka 1915 na moyo wake uko kwa watoto, na Zonta na Soroptimist, zilizoanza kama klabu za wanawake wenye taaluma zao, 1919 na 1921, enzi ambazo milango ya klabu za wanaume ilikuwa imefungwa.

Nayo ilifungwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Klabu ya Rotary ya Duarte, California, iliingiza wanawake watatu ikafutiwa uanachama mwaka 1978. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu ya mwezi Mei 1987 ikaipa klabu hiyo ushindi. Lions wakafungua mlango mwaka huo huo. Rais wa kwanza mwanamke wa Rotary ulimwenguni, Jennifer Jones wa Canada, alishika kiti mwaka 2022. Nakutajia haya kwa sababu utakutana na klabu ambazo hilo limebaki kwenye karatasi. Tazama nani anaongoza kamati na nani anatumwa kupanga maua.

Ila kwa uzoefu wangu, uamuzi wako usiutegemeze kwenye jina. Hakuna mtu anayeingia Rotary au Lions hivi hivi. Unaingia kwenye klabu fulani, ya watu 25 au 40, na ndio utakaokaa nao. Mji mmoja unaweza kuwa na klabu tatu za jina moja: ya kwanza ya wazee wanaosinzia, ya pili ya vijana wanaoanzisha kila kitu wasimalize, ya tatu inachapa kazi kimya kimya. Watembelee wa mwenzako na wa jirani, kila upande mara tatu. Waswahili walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe usingoje kupewa, siku ya tatu liombe: mwambie aliyekualika kwamba unataka kwenda kwenye siku ya kazi, kambi ya macho au ukaguzi wa mradi, usikae tena ukumbini. Afadhali uwe mradi wa mwaka juzi kuliko unaozinduliwa kesho. Kama hawawezi kukupeleka kwenye mradi wao hata mmoja wenye zaidi ya mwaka, mume wako kashinda.

Kwa kuwa wewe ni mhasibu, una swali ambalo wengine hawajui kuliuliza: fedha za watu zinakaa wapi? Lions wana kanuni kwamba fedha zilizochangwa na umma zirudi kwa umma, hivyo klabu hutenganisha hesabu za uendeshaji na hesabu za shughuli. Chai ya wanachama hainunuliwi kwa fedha za macho. Rotary, klabu ikipata ruzuku ya mfuko wao mkuu, inatakiwa iwe na akaunti maalumu ya mradi huo na watia sahihi wasiopungua wawili, kisha itoe ripoti. Ruzuku zao kubwa za kimataifa zinaanzia bajeti ya dola 30,000 na zinataka klabu za nchi mbili zishirikiane. Mfuko huo, kwa taarifa ya mume wako, ulipendekezwa mwaka 1917, na mchango wake wa kwanza ulikuwa dola 26 na senti 50. Basi omba kwa upole kuona hesabu za mwaka uliopita. Ukiambiwa "hizo anazo mweka hazina, kasafiri", ngoja arudi ndipo ujaze fomu.

Na hapo hapo nikuonye. Wakisikia wewe ni mhasibu, watataka kukufanya mweka hazina kabla chai yako haijapoa. Kataa mwaka wa kwanza. Ukikubali utakaa na risiti miezi 12, hutauona mradi hata mmoja kwa macho, na mwisho wa mwaka utaondoka umechoka. Nimewapoteza wahasibu wawili wazuri kwa njia hiyo, kosa likiwa la kamati yangu mwenyewe. Omba kamati ya miradi.

Kuhusu gharama, ada unayotajiwa siku ya kwanza ni mlango tu. Sehemu yake inakwenda makao makuu ya kimataifa, sehemu wilayani (wilaya kwa lugha yao ni kundi la klabu nyingi, linaweza hata kuvuka mipaka ya nchi), na inayobaki inaendesha klabu. Juu ya hiyo kuna chakula cha mikutano, kiingilio cha mara moja katika baadhi ya klabu, tiketi za hafla, michango ya dharura, na zile faini za utani. Usimuulize katibu ada ni kiasi gani. Muulize mwanachama wa kawaida, asiye na cheo: mwaka jana, ukijumlisha yote, ulitoa kiasi gani? Atakuna kichwa kisha atakutajia kiasi, na huenda kikawa mara mbili au tatu ya ada. Kama hakikutoshi, sema. Zipo klabu zilizoacha chakula kabisa, zinakutana kwa chai, au kwa intaneti. Ipo pia Rotaract, iliyoanza mwaka 1968 kwa ajili ya vijana. Ukomo wake wa miaka 30 umeondolewa tangu 2020, kwa hiyo hata wewe hujachelewa, ingawa kila klabu inaweza kujiwekea umri wake.

Utasikia pia mtu akiitwa Paul Harris Fellow, au kwa Lions, Melvin Jones Fellow, na kuvikwa beji nyingine. Hiyo ni heshima inayoambatana na mchango wa dola 1,000 kwenye mfuko wa kimataifa. Ni jambo jema, lakini si sharti la uanachama, na mtu asikutie aibu ukasaini ahadi usiyoiweza.

Muda ndio huwatoa watu wengi kuliko fedha. Zamani Rotary walikutana kila wiki na mahudhurio yalikuwa kama shule. Ukikosa, ulitakiwa ukalipie kwa kuhudhuria klabu nyingine. Tangu 2016 kanuni zimelegezwa, klabu inatakiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi na mengine inapanga yenyewe. Weka na Jumamosi moja ya mradi, na kikao cha kamati ambacho kitasemwa ni cha nusu saa na hakitakuwa. Mwaka wao wa uongozi unaanza Julai mosi, viongozi wote wanabadilika siku hiyo, hivyo Mei na Juni kila mtu anakimbizana na ripoti. Kama na wewe una kufunga mahesabu ya kampuni miezi hiyo, mwambie aliyekualika mapema.

Itakufaa kikazi? Itakufaa, lakini polepole, na kwa njia ya kando. Atakayegawa kadi zake za biashara kila meza siku ya kwanza anajulikana kabla mkutano haujafungwa, na watu wanamkwepa kama deni. Ila ukikaa na mtu mwaka mzima mkihesabu miwani au mkisubiri lori lililochelewa, anajua kama unatunza muda, kama unasema kweli hesabu isipolingana, kama unapandisha sauti. Siku bosi wake akitafuta mhasibu, hataulizia vyeti vyako. Utapata na kitu ambacho kazini hukipati kirahisi: kuongoza watu usiowalipa. Mtu ambaye hawezi kufukuzwa kazi lazima ashawishiwe, na hiyo ni shule ngumu.

Njia ya kuingia yenyewe ni nyepesi. Unahitaji mdhamini, yaani huyo mwenzako au jirani. Fomu inapelekwa kwenye bodi ya klabu, na kwa kawaida wanachama wanaarifiwa na kupewa siku kadhaa mwenye pingamizi alitoe. Kisha unaapishwa, neno hilo wanalipenda ingawa ni ahadi ya kawaida tu mbele ya watu, unavikwa beji na kupigiwa makofi. Hakuna mtihani. Usikubali kuvikwa beji mkutano wa kwanza, hata wakikusihi. Klabu yenye haraka hiyo mara nyingi inatafuta kujaza idadi kabla mwaka haujaisha. Na ukitembelea pande zote mbili usione haya kumwambia jirani kwamba umechagua kwingine. Klabu hizi zinaazimana viti na wasemaji kila siku.

La mavazi: mkutanoni vaa unavyokwenda kazini, hakuna zaidi. Siku ya kazi vaa viatu vya kufunga kamba, kofia, na nguo ambayo haitakuuma ikiloa. Beba na daftari lako mwenyewe na kalamu mbili, kwa sababu ya kwanza ataiazima rais wa klabu na hutaiona tena.